Akili unde katika kazi ya uwakili: Manufaa na hatari zake

MNAMO Juni 22, 2023, jaji wa mahakama ya shirikisho jijini New York, Marekani, aliwatoza mawakili wawili pamoja na kampuni yao faini ya dola 5,000. Walikuwa wamewasilisha hoja zilizoegemea kesi ambazo hazikuwahi kusikizwa popote.

Kesi hizo zilibuniwa na ChatGPT, mojawapo ya programu za akili unde, yaani teknolojia ya kompyuta inayoiga uwezo wa binadamu wa kufikiri na kuandika.

Mteja wao alikuwa abiria aliyelishtaki shirika la ndege la Avianca, akidai kuwa toroli ya chuma ya kugawia vyakula ilimgonga goti angani mwaka wa 2019. Shirika hilo lilijitetea kwamba muda wa miaka miwili unaoruhusiwa na Mkataba wa Montreal wa 1999 ulikuwa umepita.

Wakili mmoja alipoiuliza programu hiyo iwapo kesi iliyomtajia ilikuwa ya kweli, ilimhakikishia kwamba ni ya kweli. Hatimaye mahakama iliitupa kesi ya abiria huyo kwa kuchelewa kuwasilishwa.

Inavyofanya kazi

Programu za aina hii hufunzwa kwa maandishi mengi mno, kisha hukadiria neno linaloelekea kufuata jingine. Hivyo basi, jibu huweza kuwa na sura kamili ya hukumu, likiwa na majina ya wahusika, mwaka na nambari ya kesi, ilhali hukumu yenyewe haipo.

Hata hivyo, manufaa yake si haba. Wakili anaweza kuitumia kufupisha mkataba wa mamia ya kurasa, kupanga matukio ya kesi kwa tarehe, kuandaa rasimu ya barua au kurahisisha lugha ya sheria ili mteja aielewe. Katika kazi hizo, wakili huwa na waraka asilia mkononi na anaweza kulinganisha. Hatari huzidi pale anapoitaka mashine imtafutie sheria asiyoijua mwenyewe.

Hali nchini Kenya

Kenya ilirithi kutoka Uingereza mfumo wa kutegemea maamuzi yaliyotangulia. Kifungu cha 163(7) cha Katiba ya 2010 kinasema kuwa mahakama nyingine zote hufungwa na maamuzi ya Mahakama ya Juu. Kwa hivyo, uamuzi wa kubuni ukipenya, unaweza kumpotosha hakimu na kumnyima haki mtu asiye na hatia.

Uingereza yenyewe imeonja shubiri hiyo. Mnamo Juni 2025, Mahakama Kuu jijini London ilichunguza kesi moja ambapo maamuzi 18 kati ya 45 yaliyotajwa hayakuwapo kabisa. Ilionya kuwa mawakili wa aina hiyo wanaweza kushtakiwa kwa kudharau mahakama.

Mkenya ana njia rahisi ya kuhakiki. Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, lifahamikalo kama Kenya Law, huchapisha hukumu na sheria za nchi kwenye tovuti yake bila malipo. Uamuzi usiopatikana humo wala katika sajili ya mahakama haufai kutajwa mbele ya jaji.

Siri ya mteja

Hatari ya pili haionekani upesi. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi humkataza wakili kufichua aliyoambiwa na mteja wake bila idhini, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hudhibiti upelekaji wa habari za kibinafsi nje ya nchi. Anayenakili ushahidi wa mteja na kuutia katika programu inayohifadhi data ng'ambo anajiweka katika hatari ya kukiuka sheria zote mbili.

Mteja naye asinyamaze. Ana haki ya kumuuliza wakili wake iwapo anatumia akili unde, ni habari zipi zinazoingizwa humo, na ni nani aliyesoma hukumu zilizotajwa katika hati zake.

Mashine haina leseni ya uwakili wala haiwezi kuitwa kujieleza kortini. Anayetia sahihi ndiye atakayewajibika, na mteja ndiye atakayepoteza kesi.