Maneno ya Bidhaa Ijiuzayo

Kampuni nyingi za programu za kompyuta hutuma wachuuzi waende kwa mkurugenzi, wamshawishi, kisha karani aachiwe kazi ya kuizoea bidhaa. Lakini ipo aina ya pili, ambayo wafasiri wetu wameanza kuulizwa jina lake: kampuni inayokua kwa sababu mtumiaji ameijaribu programu mwenyewe, imemfaa, naye kwa kuitumia tu akamvuta mwenziwe. Kabla ya kuitafutia istilahi, yafaa tuitazame historia.

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuja kwa njia ile ya kwanza, na jitihada za kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mitambo zilikwenda vibaya hata mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Maneno ya mitambo ile yalibaki ofisini, tena kwa Kiingereza.

M-Pesa ilikwenda njia nyingine. Majaribio yake, yaliyoanza Kenya mwaka 2005, yalihusu marejesho ya mikopo midogo. Wateja, walipoishika, wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Wenye bidhaa wakazingatia jambo hilo, wakauweka mkopo kando, na Machi 2007 Safaricom ikaizindua kuwa huduma ya kutuma pesa nyumbani. Kujiandikisha kulikuwa bure, na hata asiyejiandikisha aliweza kupokea. Hivyo kila aliyetuma alikuwa mchuuzi asiyelipwa. Mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania.

Hapo ndipo lugha ilipofanya kazi ambayo hakuna kamati iliyoiagiza. Muuza ndizi wa Mahakama ya Ndizi, Mabibo, humwambia mnunuzi aliye mbali: "Tuma na ya kutolea." Ada ya kutoa fedha humwangukia mpokeaji, naye hataki bei yake ipungue. Tazameni ufupi wake: nomino imeachwa, kiunganishi "ya" kimeibeba pesa yote. Sisi tungeandika "fidia ya ada ya utoaji", na soko lingetucheka. "Salio" nalo limetoka katika daftari za wahasibu, na "wakala" katika sheria, yote mawili yakaingia kibandani.

Kwa upande mwingine, Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden, ilitayarishiwa istilahi kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo ofisi nyingi ziliendelea na programu za Kiingereza. Hatudhani kosa lilikuwa la istilahi. Anayeandika barua hamlazimu mwenziwe kuwa na programu ileile. Anayetuma fedha humvuta mpokeaji.

Tafsiri iliyoanza kusikika, "kampuni inayoongozwa na bidhaa", haitupendezi, maana bidhaa haimwongozi mtu. Twapendekeza "kampuni ikuzwayo na bidhaa". Na kwa kuwa kampuni ya namna hii haina mchuuzi wa kueleza, neno lililo kwenye skrini ndilo mchuuzi; mfasiri aitwe programu ingali ikiundwa, na maneno yake yajaribiwe Mabibo kabla ya kufika kamatini.

Limebaki suala la yule atumiaye bure, ambaye hajalipa bado. Wengine humwita "mteja". Sisi twaegemea "mtumiaji", na "mteja" lingoje mpaka atoe fedha, ingawa kampuni za simu zimekwisha kutuzoesha kwamba hata asiyepatikana ni mteja.