Siku Kumi Toka London Mpaka Mwanza

Mtu akiuliza umbali wa safari hujibiwa kwa maili, lakini msafiri mwenyewe huuhesabu kwa siku alizolala njiani. Leo twataka kueleza jinsi siku hizo zilivyopungua katika njia ya angani itokayo Uingereza kuja Afrika Mashariki.

Zamani meli zilichukua majuma matatu hivi toka London mpaka Mombasa kwa njia ya Mfereji wa Suez. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza kuleta barua kwa eropleni toka kiwanja cha Croydon, karibu na London, mpaka Mwanza. Natuufuate mfuko mmoja wa barua. Eropleni ya kwanza iliuchukua mpaka Ugiriki. Hapo ukapakiwa katika eropleni ya kutua majini, ukavuka bahari mpaka Alexandria. Ukapanda gari moshi mpaka Cairo. Ukapewa eropleni ya nchi kavu mpaka Khartoum. Kisha ile ya majini tena, ikaufuata mto Nile hata Ziwa Viktoria. Zilipita siku kumi hivi.

Sasa wanafunzi washike kalamu. Njia hiyo yapata maili 5,000, na eropleni zile zilikwenda karibu maili 100 kwa saa. Basi kuruka kwenyewe ni saa 50, yaani siku mbili na saa mbili. Je, siku nane nyingine zilikwenda wapi? Nyingi zililiwa na usiku. Juu ya jangwa na vinamasi vya Sudani hapakuwa na taa za kumwongoza rubani, hivyo jua likitua, eropleni nayo ilitua. Tena mafuta yalitosha maili mia kadha tu. Kwa maoni yetu, waliotandaza taa na simu za upepo njiani wastahili sifa sawasawa na waliounda injini, ingawa hawatajwi.

Tarehe 2 Mei 1952 Comet, eropleni ya abiria ya kwanza kusukumwa kwa injini za jeti, iliondoka London, ikapitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia. Haikulala popote. Lakini mwaka 1954, Januari na tena Aprili, Comet mbili zilivunjika angani karibu na Italia, wakafa watu 56. Wataalamu wakautia mwili mzima wa eropleni ya namna ile katika tangi la maji, wakaushindilia na kuulegeza mara maelfu, hata ukapasuka. Ndipo ikajulikana: hewa iliyoshindiliwa ndani ili abiria wapumue huko juu ilikuwa ikilichosha bati kila safari.

Siku hizi toka Nairobi mpaka London ni maili 4,250 hivi, na ndege huzimaliza bila kutua kwa muda wa saa nane na nusu au tisa. Ziko ziondokazo Nairobi usiku. Abiria hulala vitini, wakaamka wamekaribia London.