Walioipita Bandari Waliyokuwa Wakiitafuta



Mwenye kutafuta njia kwa ramani na dira mahali pasipo barabara hufundishwa kanuni moja kabla ya zote: soma karatasi, kisha inua macho uitazame nchi, na viwili hivyo visipopatana, iamini nchi. Ni kanuni nyepesi kutamka, lakini historia ya California yaonyesha ilivyo nzito kuitenda.

Tarehe 14 Julai 1769, msafara wa watu zaidi ya 60 chini ya Kapteni Gaspar de Portolá uliondoka San Diego kuitafuta bandari ya Monterey. Pamoja nao walikuwamo Mapadre wawili Wafransisko, Juan Crespí na Francisco Gómez. Ramani kamili hawakuwa nayo. Walitegemea maelezo yaliyotokana na safari ya baharini ya Sebastián Vizcaíno ya mwaka 1602, aliyeisifu bandari hiyo kuwa imekingwa na pepo zote.

Mbele yao vilitanda vilima vya nyasi zilizokaushwa na jua la kiangazi, kimoja kikifanana na kingine. Wenyeji waliwaonyesha mapito na maji, wakawapa chakula. Padre Crespí aliandika habari za nyasi zilizochomwa. Kwa moto huo wenyeji waliistawisha mimea yenye mbegu za kula. Pale ambapo mgeni aliona pori, palikuwa na nchi iliyotunzwa.

Mwanzoni mwa Oktoba waliufuata mto Salinas hadi baharini, wakapanda kilima, wakaona ghuba pana iliyo wazi kwa mawimbi. Ilikuwa Monterey yenyewe! Lakini maandishi yalisema bandari iliyofungika, tena kwenye nyuzi 37 kaskazini, na vipimo vyao vya jua vilionyesha kwamba hawajafika huko. Tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mt. Fransisko wa Asizi, viongozi walifanya baraza, wakaamua kusonga mbele, ingawa wengi waliugua kiseyeye. Tarehe 4 Novemba wakaiona ghuba kubwa ya San Francisco, ambayo hawakuitafuta. Katika kurudi walifika tena Monterey wasiitambue, wakasimika msalaba, na kwa njaa wakala nyumbu wao. Yasimuliwa kwamba Padre Junípero Serra, alipowapokea San Diego Januari 1770, alimwambia Portolá kuwa ametoka Roma bila kumwona Papa.

Mei 1770 Portolá na Crespí walirudi palepale. Bahari ilikuwa shwari; wakatazama tena, wakatambua. Tarehe 3 Juni Padre Serra akaadhimisha Misa Takatifu mahali hapo.

Bandari ikajulikana, lakini wenyeji waliendelea kusomwa kwa maandishi ya wageni. Mwaka 1793 gavana Arrillaga alipiga marufuku uchomaji wa nyasi, na katika misioni wengi wao walikufa kwa maradhi. Papa Fransisko alipomtangaza Padre Serra kuwa Mtakatifu mwaka 2015, baadhi ya wazao wao walipinga, na uchungu wao wastahili kusikilizwa.

Crespí na wenzake hawakuwa wavivu wala wajinga. Walipima, wakashauriana, wakasali. Waliliamini tu neno walilosikia juu ya mahali kuliko mahali penyewe. Nasi juma hili tujiulize: ni jirani gani tunayempita kila siku kwa sababu hafanani na tulivyoambiwa juu yake?