Gari Inatetemeka Asubuhi, Ikipata Moto Inatulia: Stori Iliyoanza Enzi za Choki

Mwambie mtu wa Dar kwamba gari inasumbua kwa sababu ya baridi, atacheka. Baridi gani Magomeni? Kumbe injini ina hesabu zake. Ikiwa kazini inakaa kwenye nyuzijoto 80 hadi 90 hivi. Alfajiri ya mwezi wa 7, jiji likiwa kwenye nyuzijoto 20, kwa injini hiyo ni baridi kabisa.

Chukua mfano wa dereva wa taksi mtandao anayelaza Toyota IST uani kwake Magomeni. Alfajiri anawasha, gari inatetemeka, silensa inapanda na kushuka, akikanyaga mafuta inataka kuzima. Dakika kumi baadaye imetulia utadhani haikuwa yenyewe. Saa sita mchana anaipeleka gereji. Fundi anasikiliza, haoni tatizo, anaanza kubahatisha. Badili plagi. Kesho yake vilevile. Badili koili. Bado. Safisha nozeli. Wiki inakatika, hela imehamia kwenye maduka ya spea Kariakoo, hesabu ya bosi haijatimia na ugonjwa uko palepale.

Ili kujua wamekosea wapi, inabidi kurudi enzi za wazee.

Enzi za choki

Zamani Peugeot 404, Datsun na Land Rover zilitumia kabureta. Petroli ikiwa kwenye injini ya baridi haigeuki mvuke vizuri, nyingine inabaki matone kwenye kuta za njia ya hewa. Kwa hiyo injini baridi inataka mafuta mengi na hewa kidogo. Hapo ndipo choki ilipofanya kazi. Dereva alivuta kitufe kwenye dashibodi, kisahani ndani ya kabureta kikabana hewa, gari ikawaka. Ikipata moto, anakirudisha taratibu. Akisahau, moshi mweusi unatoka na plagi zinajaa masizi.

Yaani sensa ya joto ilikuwa dereva mwenyewe!

Halafu ikaja miaka migumu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta kupanda duniani, nchi iliishiwa fedha za kigeni na spea zikawa adimu. Ukiwa huna plagi mpya ya kubahatishia, lazima uisome iliyopo. Nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Nyeupe, hewa imezidi. Kahawia hafifu, mambo safi. Uhaba uliwalazimisha mafundi kufikiri kwanza.

Enzi za Ruksa na kontroli boksi

Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mwaka 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, milango ikazidi kufunguka. Miaka iliyofuata magari yaliyotumika Japani yakamiminika, na kabureta ikaanza kupotea barabarani.

Teknolojia iliyochukua nafasi yake haikuwa ngeni duniani. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo wa D-Jetronic, ulioanzia kwenye Volkswagen 1600. Kompyuta ndiyo iliyoamua mafuta kiasi gani yaingie. Kitufe cha choki hakikuhitajika tena, kazi yake ikapewa sensa ndogo inayopima joto la injini (kwenye gari za maji, joto la maji) na kuiambia kontroli boksi: bado baridi, ongeza mafuta.

Sasa rudi kwa yule dereva. Sensa ikianza kudanganya, ikasema maji yana nyuzijoto 80 wakati injini imelala usiku kucha, kontroli boksi inabana mafuta na gari inatetemeka. Injini ikipata moto kweli, uongo unageuka ukweli na gari inatulia. Taa ya injini kwenye dashibodi inaweza isiwake kabisa, maana 80 ni namba ya kawaida, waya haujakatika.

Fundi wa mchana hawezi kuliona hilo. Dawa ni gari ilale gereji. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fundi anachomeka mashine na kusoma joto la maji na joto la hewa inayoingia. Gari iliyolala, namba hizo mbili zinatakiwa zikaribiane. Zikiachana mbali, sensa au waya wake una kesi. Hana mashine? Mita ya umeme inatosha: sensa nyingi za Toyota zinasoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzijoto 20, na kama 300 kwenye nyuzijoto 80.

Namba zikiwa sawa, sensa haina kosa. Hapo unatafuta mpira uliopasuka unaovuta hewa ya wizi, uchafu kwenye mlango wa hewa, halafu plagi na koili. Hivyo ndivyo vya kukagua, na kila kimoja kinapimwa kabla ya kununuliwa.

Choki ilikufa, ila swali lake liko vilevile: injini ina joto kiasi gani sasa hivi? Mzee wa kabureta aliijibu kwa mkono na macho. Kijana wa leo ana mashine, lakini akiletewa gari saa sita mchana, mashine nayo itamwambia kila kitu kiko poa.

Baba au babu yako aliendesha gari ya choki? Tupia stori hapo chini.