Kanuni ya Rooney na Wanawake katika Uongozi wa Michezo ya Kulipwa

Kanuni ya Rooney ni sharti la ligi kuu ya mpira wa Kimarekani (NFL), yenye timu 32, ambalo kwalo klabu inayotafuta mtu wa kushika madaraka makubwa hairuhusiwi kumwajiri yule iliyemkusudia kabla ya kuwaita na kuwasikiliza watu wa makundi ambayo kwa desturi hayakuwa yakifikiriwa. Ilianza kutumika mwaka 2003 kwa ajili ya makocha weusi na wenzao wa jamii nyingine zenye watu wachache, na wanawake hawakutiwa ndani yake ila kwa hatua, kati ya mwaka 2016 na mwaka 2022. Kanuni hii haimshurutishi mwenye klabu kumpa mtu kazi; humshurutisha kumpa usaili tu, na takriban sifa zote na lawama zote ilizopata zatokana na tofauti hiyo.

Asili yake ni kadhia ya Januari 2002, pale Tony Dungy alipofukuzwa Tampa Bay, na Dennis Green akaachishwa kazi Minnesota, ilhali kila mmoja wao alikuwa ameshinda michezo mingi kuliko aliyoshindwa. Baadaye mwaka huo mawakili Johnnie Cochran na Cyrus Mehri walitoa ripoti, iliyotegemea hesabu za Janice Madden wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kuonyesha kwamba makocha weusi kwa wastani walishinda zaidi ya wenzao lakini walichelewa kupewa timu na waliharakishwa kunyang'anywa. Ligi, kwa kuhofia mashtaka, iliunda kamati chini ya Dan Rooney, mmiliki wa Pittsburgh Steelers, na kanuni ikachukua jina lake. Jaribio la kwanza halikukawia. Klabu ya Detroit Lions ilimwajiri Steve Mariucci bila kumsaili mtu yeyote wa jamii zenye wachache, kwa kuwa wale walioitwa walikataa kwenda, wakijua kwamba shauri lilikwisha kukatwa. Na ligi ikamtoza mkuu wa klabu hiyo, Matt Millen, faini ya dola 200,000.

Kwa wanawake kanuni iliingia maofisini kwanza. Februari 2016, katika mkutano wa wanawake uliofanyika San Francisco siku chache kabla ya fainali, kamishna Roger Goodell alitangaza kwamba katika kila nafasi ya uongozi wa juu iliyo wazi katika ofisi za ligi yenyewe lazima mwanamke asailiwe. Klabu hazikufungwa na tangazo hilo. Mei 2020 ndipo zilipoamriwa kwamba atakayetafuta rais wa klabu, au wakuu wa fedha, sheria, mawasiliano na idara nyingine za namna hiyo, awe amewasikiliza wanawake au watu wa jamii zenye wachache. Na Machi 2022, katika mkutano wa wamiliki uliofanyika Palm Beach, wanawake wa kila rangi waliingizwa katika maana ya kanuni yote, hata kwa kazi ya ukocha mkuu. Msomaji makini ataona kwamba makundi mawili yaliyodhulumiwa kwa njia mbalimbali yalitiwa katika fungu moja, kiasi cha kwamba klabu yaweza kuitimiza kanuni kikamilifu bila ya mwanamke hata mmoja kukanyaga chumba cha usaili. Sidhani kuwa waliotunga maneno hayo walikusudia hila, lakini sheria iliyoandikwa hivyo huwaachia wakubwa nafasi kubwa mno ya kupumua.

La maana zaidi katika maazimio ya mwaka 2022 ni lile lililosemwa kidogo kuliko yote: kila klabu iajiri mwanamke au mtu wa jamii zenye wachache awe msaidizi katika benchi la ufundi upande wa mashambulizi, afanye kazi karibu na kocha mkuu, na mshahara wake utoke katika mfuko wa pamoja wa ligi. Sababu ilikuwa wazi kwa kila aliyeufahamu mchezo huo, kwa kuwa wamiliki, katika miaka ya karibuni, walikuwa wakiwapandisha ukocha mkuu wasaidizi wa upande wa mashambulizi, na asiyekuwapo katika vikao vya wasaidizi hao hakuwa akijulikana na mtu. Hapa ligi, nje ya kanuni yenyewe, iliacha kuamrisha masikilizano, ikaamrisha ajira.

Mfano ulio bora wa umbali uliopo baina ya kusikilizwa na kupewa hautoki katika mpira wa Kimarekani, bali katika besiboli, ambako kamishna Bud Selig alizitaka klabu tangu mwaka 1999 ziwafikirie watu wa jamii zenye wachache kila nafasi kubwa inapokuwa wazi. Kim Ng, aliyeanza kazi Chicago White Sox kama mwanagenzi, alikuwa meneja mkuu msaidizi wa New York Yankees mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 29, na klabu hiyo ikatwaa ubingwa mwaka huo na miaka miwili iliyofuata. Mwaka 2005 alisailiwa kwa umeneja mkuu wa Los Angeles Dodgers, akakosa. Akasailiwa Seattle, akasailiwa San Diego, akasailiwa kwingineko, akakosa. Hakuna aliyedai kwamba hakuijua kazi. Novemba 2020 Miami Marlins ndio waliomteua, akawa mwanamke wa kwanza kuwa meneja mkuu katika ligi yoyote kubwa ya wanaume katika Marekani ya Kaskazini. Na mkuu wa klabu hiyo wakati ule alikuwa Derek Jeter, ambaye zamani alikuwa mchezaji wa Yankees Kim Ng alipokuwa akifanya kazi huko. Usaili wa miaka kumi na mitano haukuleta lile lililoletwa na mtu mmoja aliyekuwa amemwona kwa macho yake akitenda. Mwaka 2023 Marlins waliingia katika michezo ya mtoano. Baada ya msimu mmiliki alikusudia kumweka mkubwa mwingine juu yake, naye akachagua kuondoka.

Walioisimamia kazi ya kuwaingiza wanawake katika mpira wa Kimarekani walilielewa jambo hilo mapema. Tangu mwaka 2017 ligi imekuwa ikiendesha baraza, lililoasisiwa na Samantha Rapoport, ambamo wanawake waliokwisha kufanya kazi katika mchezo hukutanishwa na makocha wakuu, mameneja na wamiliki, wakae meza moja na wazungumze habari za kazi kabla ya nafasi yoyote kutangazwa, ili jina litakapofika mezani lisiwe geni.

Tofauti na kanuni hii ni ile njia ya kuweka idadi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataka katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili. Miongozo ya utawala wa michezo ya Uingereza ya mwaka 2016 ililenga angalau asilimia 30 ya kila jinsia katika bodi za vyombo vilivyopokea fedha nyingi za umma. Na FIFA, kwa mageuzi ya mwaka 2016, hulitaka kila shirikisho la bara lichague mwanamke mmoja au zaidi katika Baraza la FIFA. Lydia Nsekera wa Burundi, aliyeliongoza shirikisho la nchi yake tangu mwaka 2004, alikuwa amekwisha kuchaguliwa mwaka 2013 kuingia katika kamati tendaji ya FIFA, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa humo. Lakini shirikisho lina mkutano mkuu na katiba, na aliye na katiba anaweza kuamriwa na katiba. Klabu ya Marekani kwa kawaida ni mali ya mtu, nayo hurithiwa.

Naam, urithi haukuhitaji kanuni. Virginia McCaskey alipokea Chicago Bears mwaka 1983 kwa kufa baba yake, George Halas, akaimiliki mpaka alipofariki mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 102. Wala ikhtiari ya tajiri mmoja haikuihitaji: Al Davis alimpa Amy Trask utendaji mkuu wa klabu yake ya Raiders mwaka 1997, kabla kanuni haijazaliwa. Sandra Douglass Morgan, mwanasheria aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya kudhibiti michezo ya kamari ya Nevada, alipofanywa rais wa klabu hiyo hiyo Julai 2022, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa na cheo hicho katika ligi, kanuni ilikuwa imekwisha kuwahusu wanawake. Lakini kusema kwamba yeye ni tunda lake ni kuipa sifa isiyo na ithibati.

Februari 2025, serikali ya Marekani ilipokuwa ikizifuta programu za namna hii katika idara zake, Goodell aliwaambia waandishi wa habari huko New Orleans kwamba ligi haitaziacha juhudi zake. Msimu wa mwaka huo ulipofunguliwa, hapakuwa na mwanamke aliyekuwa kocha mkuu wala meneja mkuu wa timu yoyote ya ligi hiyo.