Magnolia: jina moja, maana kibao

Wadau, ukiandika "Magnolia" kwenye Google unaweza kuchanganyikiwa: mara mti, mara filamu, mara hip hop. Haya, tuchambue moja moja.

MTI: Jamii ya miti ya Asia na Amerika yenye maua makubwa, mengi meupe au ya pinki. Charles Plumier aliupa jina hilo mwaka 1703 kumuenzi Pierre Magnol, mtaalamu wa mimea wa Montpellier, Ufaransa.

RANGI: Uingereza ni rangi ya ukuta, nyeupe yenye unjano kwa mbali.

FILAMU: Ya Paul Thomas Anderson (1999), Tom Cruise yumo.

MTAA: Magnolia Projects, New Orleans, nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini. Juvenile na Soulja Slim wametokea pale. Slim aliuawa kwa risasi 2003. Baada ya kimbunga Katrina (2005), majengo mengi yalibomolewa.

BENDERA: Mississippi huitwa Jimbo la Magnolia. Bendera yao ya 1894 ilikuwa na alama ya jeshi lililopigania upande wa utumwa. Mwaka 2020 ilifutwa, wananchi wakapiga kura wakachagua mpya yenye ua la magnolia.

Ila ua hilohilo limo kwenye Strange Fruit, wimbo wa Billie Holiday wa 1939 kuhusu Weusi walionyongwa mitini huko kusini. Yaani mmoja akisikia magnolia anakumbuka bustani, mwingine anakumbuka msiba.

Mnasemaje wadau, linafaa kukaa kwenye bendera?