Gesi za nusukaputi na dawa za ugonjwa wa Parkinson

Gesi za nusukaputi, yaani zile anazovuta mgonjwa ili alale wakati wa upasuaji, zinaweza kugongana na levodopa, dawa kuu ya ugonjwa wa Parkinson, ambayo mwilini hugeuka kuwa dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo na ambayo pia huchochea moyo. Halothani, iliyoanza kutumika mwaka 1956, ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa huufanya moyo ushtuliwe kwa urahisi na kemikali za aina hiyo hata mapigo yakavurugika. Isoflureni na sevoflureni hazina sana kasoro hiyo, ingawa nazo hutanua mishipa na kushusha shinikizo la damu, ambalo levodopa yenyewe huweza kuwa imekwisha kulipunguza. Hata hivyo, kuikatiza levodopa ghafla ni kosa zito zaidi, maana haikai sana katika damu, na ikiisha misuli hukakamaa, kumeza na kupumua kukawa kwa taabu. Kwa hiyo mgonjwa humeza dozi yake asubuhi ya upasuaji kwa maji kidogo, na upasuaji ukirefuka dawa hupitishwa kwa mpira wa puani hadi tumboni. Anayetumia selejilini, dawa nyingine ya Parkinson, hapewi kabisa pethidini, dawa ya maumivu, kwani mchanganyiko huo unaweza kuua.